Debian, Fedora au Arch: nani abebe mzigo wa kusasisha vifurushi vyako?

Mzee mwenye duka alinipigia simu saa mbili na nusu asubuhi, wakati ambao wazazi hujazana kwake kununua madaftari. "Mwanangu, mashine imewaka lakini mauzo hayafunguki." Usiku wake nilikuwa nimeisasisha mashine hiyo, nikaona kila kitu kimekwisha salama, nikalala. Nilipofika nikakuta PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotunza mauzo, imegoma kuanza. Logi ilisema wazi: data iliyopo iliandaliwa na toleo la 15, programu iliyopo sasa ni ya 16, na hivyo viwili haviendani. Hakuna kilichopotea. Lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni, mzee anaandika risiti kwa mkono, nami nimechuchumaa nyuma ya kaunta nasoma kwenye simu jinsi ya kuhamisha hifadhidata.

Kosa lilikuwa langu. Mashine ile niliiwekea Arch Linux kwa sababu ndiyo niliyoizoea kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Arch ilifanya kile inachoahidi: PostgreSQL mpya ilipokuwa tayari iliileta, na kazi ya kuhamisha data ikaniachia mimi. Ningekuwa nimeweka Debian 12, PostgreSQL ingebaki ya 15 tangu toleo hilo lilipotoka Juni 2023 mpaka siku ambayo ningeamua mwenyewe kwenda Debian 13, ambayo ina ya 17. Na hata siku hiyo, ya zamani na mpya zingekaa pamoja kwenye diski moja, zikisubiri niendeshe `pg_upgradecluster` saa niliyochagua.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza aweke distro gani, yaani mkusanyo upi wa Linux kati ya Debian, Fedora, Arch na wenzao, sianzi na urembo wa dirisha wala wingi wa programu. Namuuliza: kazi ya kuoanisha mabadiliko ungependa aifanye nani, na lini? Kazi hiyo haikwepeki. Programu hubadilika, maktaba zinazozitegemeza (vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi huvitumia pamoja) hubadilika, mafaili ya mipangilio hubadilika, na lazima awepo mtu wa kuhakikisha vyote vinapatana. Debian humwachia mtunzaji wa kifurushi aifanye kabla haijakufikia, kisha wewe unalipa deni lako kila baada ya miaka miwili hivi. Arch hukupa kidogokidogo kila wiki. Fedora imekaa katikati, na hesabu yake ni ya kila miezi sita.

Neno moja kabla ya kuendelea. Kwetu "kifurushi" ni pia kile cha kampuni ya simu. Hapa nikisema kifurushi namaanisha programu iliyofungashwa pamoja na maelezo ya inachotegemea. Cha intaneti nitakiita bando.

Debian: namba isiyosogea

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kifurushi huanzia tawi liitwalo unstable. Kikikaa hapo siku 2, 5 au 10 kutegemea uharaka wake, bila kuripotiwa hitilafu mpya kubwa, kinahamia testing. Karibu kila baada ya miaka miwili testing inagandishwa, hitilafu zinasafishwa, na kinachobaki ndicho kinachoitwa stable. Kuanzia hapo matoleo hayapandi tena. Yanayoingia ni marekebisho ya usalama na ya hitilafu nzito tu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuisoma Debian. Wanatazama namba ya toleo, wanaona ni ya zamani, wanadhani programu ina matundu. Chukua tukio la Heartbleed, tundu la usalama kwenye OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano), lililotangazwa tarehe 7 Aprili 2014. Waandishi wa OpenSSL walitoa toleo la 1.0.1g lenye tiba. Debian ya wakati huo, wheezy, ilikuwa na 1.0.1e, na baada ya kutibiwa ilibaki 1.0.1e. Kilichobadilika ni mkia wa namba: 1.0.1e-2+deb7u5. Mtunzaji alichukua kiraka chenyewe, mistari ile michache inayoziba tundu, akakishonea kwenye toleo la zamani, akaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Kwa hiyo ukikagua seva ya Debian, soma mkia. Hiyo `+deb12u3` unayoiona mwisho wa namba maana yake ni kwamba kifurushi kimeshonewa viraka mara tatu tangu Debian 12 itoke.

Faida yake utaijua ukiwa na mfumo ambao watu wengine wanautegemea. Faili la mipangilio ulilohariri mwaka juzi bado linasomeka. Amri uliyoiandika kwenye karatasi ukaibandika ukutani bado inafanya kazi ileile. Matunzo kamili ya toleo ni miaka 3, kisha kikundi cha LTS (matunzo ya muda mrefu) kinaongeza miwili. Kwa Debian 12 hiyo ni hadi tarehe 30 Juni 2028.

Gharama ipo, na nisingependa mtu aingie bila kuijua. Kwanza, vitu vitazeeka mkononi mwako. Kama umenunua kompyuta mpakato iliyotoka mwaka huu, huenda kerneli (kiini cha Linux kinachoongea na vifaa) ya Debian stable haijui kadi yake ya Wi-Fi. Kuna hazina (ghala la vifurushi mtandaoni) ya backports inayoleta kerneli mpya zaidi na baadhi ya programu kwa ajili ya stable, nami huitumia bila wasiwasi, ila ichukulie kama chumvi: kwa kiasi, kifurushi kimojakimoja. Pili, mtunzaji ni binadamu, na mkono wake unaweza kuharibu. Septemba 2006 mtunzaji wa OpenSSL ndani ya Debian aliondoa mstari uliokuwa ukisababisha onyo kwenye kifaa cha kukagulia kumbukumbu. Mstari huo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu kwenye kizazi cha funguo. Hitilafu ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008 baada ya Luciano Bello kuigundua, na kwa karibu miaka miwili funguo zote za SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali) zilizotengenezwa kwenye Debian na jamaa zake zilikuwa zinakisika. Mtu aliyekuwa akitumia OpenSSL kama ilivyotoka kwa waandishi wake hakuguswa. Hilo ni tukio zito, na linahusu moja kwa moja njia ya kazi ya Debian: anayeshona viraka anaweza kushona vibaya.

Tena stable si neno la kinga. Desemba 2023 kerneli ya 6.1.64-1 ilikuwa na hitilafu ambayo ingeweza kuharibu data kwenye diski zenye mfumo wa mafaili wa ext4. Toleo dogo la 12.3 lilisitishwa, na 12.4 ikatoka tarehe 10 Desemba ikiwa na kerneli iliyorekebishwa. Waliojisasishia haraka wikiendi ile walipata hofu ambayo kwa kawaida huhusishwa na distro nyingine.

Kuhusu lile deni la miaka miwili: kutoka 12 kwenda 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, si kubonyeza kitufe. Unasoma maelezo ya toleo kwanza, unabadilisha majina ya hazina, unafanya `apt upgrade --without-new-pkgs`, kisha `apt full-upgrade`, na njiani utaulizwa kuhusu kila faili la mipangilio ulilolihariri: ubaki na lako au uchukue la mtunzaji? Mambo mawili ya Debian 13 yanatugusa sana sisi tunaofufua mashine za zamani. La kwanza, haina tena kisakinishi wala kerneli kwa kompyuta za biti 32, kwa hiyo ile Pentium 4 ya maktaba ya shule inaishia Debian 12. La pili, `/tmp` sasa inakaa kwenye RAM kwa chaguo-msingi na inaweza kula hadi nusu yake. Kwenye mashine ya gigabaiti 2, programu inayomwaga mafaili makubwa huko itakubana.

Wanaokimbilia testing wakidhani wamepata stable iliyo mpya kidogo, nawashauri wafikiri tena. Viraka vya usalama huwafikia kwa kuchelewa kuliko wa stable, na nyakati fulani kuliko hata wa unstable.

Arch: kila wiki, kwa mkono wako

Arch, iliyoanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, haina toleo. Kuna hali ya leo tu. `pacman -Syu` inakuletea kila kitu kilichobadilika tangu mara ya mwisho, na kwa kawaida programu inakufikia siku chache tu baada ya mwandishi wake kuitoa, ikiwa karibu vilevile alivyoiandika. Viraka vya ndani ni vichache. Nikisoma mwongozo wa programu fulani kwenye tovuti ya mwandishi, kinachoelezwa pale ndicho nilichonacho. Kwa mtu anayeandika programu hiyo ni raha ya kweli, na ndiyo iliyonifanya nibaki nayo kwenye mpakato wangu miaka yote hii.

Lakini ina masharti, na sharti la kwanza halina msamaha: usisasishe nusu. Ukiandika `pacman -Sy` kisha ukasakinisha programu moja, umeleta orodha mpya ya hazina na kuvuta kifurushi kilichojengwa juu ya maktaba mpya, huku mashine yako bado ina maktaba za zamani. Maktaba ya ICU, inayoshughulikia maandishi ya lugha mbalimbali, ni mfano mzuri. Kila inapopanda toleo kubwa, programu zote zinazoitegemea hujengwa upya kwa pamoja. Ukichukua mojawapo na kuacha nyingine, kitu hakitafunguka, na wakati mwingine kitu hicho ni `pacman` yenyewe au eneo-kazi lako zima. Ni `-Syu` yote au hakuna.

Sharti la pili ni kusoma habari kwenye ukurasa wa mbele wa Arch kabla ya kusasisha. Si mara nyingi, mara chache tu kwa mwaka, lakini zile chache ni za lazima. Juni 2025 kifurushi cha `linux-firmware` kiligawanywa vipande, na waliosasisha bila kusoma walikwama kwenye ujumbe wa mafaili kugongana. Tiba ilikuwa kukiondoa cha zamani kwanza, kisha kukisakinisha upya. Agosti 2022 mabadiliko ya GRUB, programu inayowasha mfumo, yaliacha kompyuta za baadhi ya watu haziwaki mpaka walipoingia kwa flashi na kuisakinisha upya. Kama huna flashi ya kuokolea mezani, bado hujawa tayari kwa Arch. Hilo nalisema kwa upendo.

Kuna jambo dogo ambalo maelezo mengi hayalitaji, nami nililipata kwa kuhangaika. Arch inaposasisha kerneli inafuta moduli za kerneli inayoendesha wakati huohuo. Nilisasisha jioni moja, sikuwasha upya, nikachomeka modemu ya USB: kimya. Nikaitoa, nikajaribu tundu jingine, nikaanza kuishuku modemu. Kumbe draiva yake ilikuwa haijapakiwa bado, na faili lake halipo tena kwenye diski, kwa sababu diskini zimebaki moduli za kerneli mpya tu. Kuwasha upya kukamaliza shida kwa dakika moja. Debian na Fedora huacha kerneli ya zamani kando ya mpya. Fedora kwa kawaida hutunza tatu za mwisho. Ikiwa ya leo inakataa, unarudi kwenye ya jana kupitia menyu ya kuwashia. Kwenye Arch sakinisha `linux-lts` kando ya kerneli ya kawaida, siku hiyohiyo ya kwanza.

Mafaili ya mipangilio nayo ni juu yako. Pale Debian inapokusimamisha na kukuuliza, Arch inaweka faili jipya pembeni likiwa na mkia wa `.pacnew` na kuendelea. Usipopita na `pacdiff` mara kwa mara, baada ya mwaka utakuwa na programu mpya zinazosoma mipangilio ya kale, na siku zitakapogoma hutajua sababu ilianza lini.

Kisha AUR, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuweka maelekezo ya kujenga kifurushi. Ndicho kivutio kikubwa cha Arch, na ndipo penye hatari. Mwaka 2018 kifurushi cha `acroread` kilichokuwa kimetelekezwa kilichukuliwa na mtu mpya akakipachika msimbo mbaya. Julai 2025 vifurushi vilivyojifanya ni vya vivinjari vilikutwa vikileta programu ya kuiteka kompyuta kwa mbali. Vyote viliondolewa haraka, lakini mlango uko vilevile kwa sababu ndivyo ulivyokusudiwa uwe. Fungua PKGBUILD, yaani faili lenye maelekezo hayo ya kujenga, uisome. Ni faili fupi. Tazama inapakua kutoka wapi na inaendesha nini. Na Python ikipanda toleo, kumbuka kujenga upya kila kifurushi cha AUR kinachoitegemea, maana hakuna atakayekufanyia.

Fedora, na neno kuhusu Ubuntu

Fedora hutoka mara mbili kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa takriban miezi 13. Unaweza kuruka toleo moja, kwa hiyo mwenye shughuli nyingi anahama mara moja tu kwa mwaka. Ndani ya toleo, eneo-kazi la GNOME linabaki palepale, lakini kerneli na draiva za michoro zinaendelea kupanda. Kwa mwenye mpakato mpya huo ndio mgawanyo wenye akili kuliko yote niliyowahi kuona: vifaa vinapata upya wake, na dirisha unalofanyia kazi halibadiliki katikati ya mradi.

Masasisho yake hupita kwenye mfumo uitwao Bodhi. Kifurushi kinaingia kwanza hazina ya majaribio, watumiaji wanakijaribu na kukipa alama za kuongeza au kupunguza, na kwa kawaida kikipata alama 3 au kikimaliza siku 7 kinaruhusiwa kwenda kwa wote. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kupima. Kama unatafuta mahali pa kuanza kuchangia Linux bila kuandika msimbo, anzia hapo.

`dnf history` inakuonyesha kila ulichowahi kusakinisha na kuondoa, na unaweza kutengua hatua moja. Ni kitu kizuri kikifanya kazi. Tatizo ni kwamba hazina za Fedora hazihifadhi kila toleo la katikati, hivyo ukitaka kurudi kwenye sasisho la wiki iliyopita unaweza kuambiwa halipo. Arch inaishinda Fedora hapo: vifurushi vya zamani vinabaki kwenye `/var/cache/pacman/pkg` mpaka uvifute mwenyewe, na kurudi nyuma ni `pacman -U` na jina la faili.

Kwa Ubuntu, ambayo najua wengi mnayo, zingatia LTS pekee. Yale matoleo ya katikati hutunzwa miezi 9 tu, na sioni sababu ya mtu wa kawaida kujitia humo. LTS hupata viraka miaka 5, lakini ahadi hiyo kamili ni ya hazina ya main. Maelfu ya vifurushi vya universe hutegemea jamii, isipokuwa ujiandikishe Ubuntu Pro, ambayo kwa matumizi binafsi ni bure hadi mashine 5 na hufikisha miaka 10. Mengi niliyosema kuhusu Debian yanaihusu Ubuntu, ila snap, njia ya Ubuntu yenyewe ya kufungasha programu, ni habari nyingine. Tangu 22.04 Firefox huja kwa njia hiyo, na snap hujitafutia masasisho mara 4 kwa siku bila kukuuliza. Ukiwa kwenye bando, weka `sudo snap set system refresh.metered=hold`, na mtandao wa simu yako uuwekee alama kuwa ni wa kulipia kwa kipimo.

Bando na umeme

Ulinganisho mwingi niliousoma umeandikwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba. Kwetu bei ya megabaiti na kukatika kwa umeme ni sehemu ya uamuzi, na matokeo yanaweza kubadilika kabisa.

Debian ndiyo rahisi kuilisha. Wiki nyingi kinachoingia ni kidogo. Firefox ESR na kerneli ndizo nzito. Mpakato wangu wa Arch, nikiuacha wiki mbili, nakuta zaidi ya gigabaiti moja inanisubiri, kwa sababu maktaba moja ikibadilika kila kinachoitegemea kinakuja nayo. Fedora iko katikati kwa siku za kawaida, na kila unapohama toleo unapakua gigabaiti kadhaa kwa mpigo. Kuanzia Fedora 40 kumekuwa na mabadiliko mawili yanayovutana: ule utaratibu wa kupakua tofauti tu badala ya kifurushi kizima umeondolewa, lakini ile orodha kubwa ya mafaili haipakuliwi tena bila sababu. Mwenye bando dogo atahisi nafuu kila anapoendesha `dnf`.

Usiache mashine ya Arch kabatini. Ukiiwasha baada ya miezi minane, saini za watunzaji zitakuwa zimebadilika na `pacman` itakataa vifurushi ikisema haviaminiki. Tiba ni kusasisha `archlinux-keyring` kwanza na kufuata palepale na `-Su`, kisha kupakua nusu ya mfumo mzima. Debian stable iliyolala miezi minane huamka, hupakua viraka vyake, na kazi inaendelea. Kwa kompyuta ya kijijini inayowashwa wakati wa likizo, hapo hakuna cha kushindanisha.

Kama unatumia bando la usiku, Debian na Fedora hukuruhusu kupakua bila kusakinisha: `apt-get -d upgrade` na `dnf upgrade --downloadonly`. Asubuhi umeme ukiwa umetulia unasakinisha. Arch nayo ina `pacman -Syuw`, lakini hiyo tayari imebadilisha orodha ya hazina. Ukisakinisha kitu kingine chochote kabla ya kumaliza, umerudi kwenye kosa la kusasisha nusu.

Na umeme ukikatika katikati? Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ndiyo ya kuhofia. Debian ikiwaka, `apt` itakuambia `dpkg` ilikatizwa na kukupa amri ya kutibu, `dpkg --configure -a`. Nimeiendesha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na karibu kila mara imeinuka. `pacman` itakataa kuanza kwa sababu faili lake la kufuli, `/var/lib/pacman/db.lck`, limebaki. Unalifuta na kurudia, na kama umeme ulikatika wakati picha ya kuwashia inaandikwa, ile flashi ya kuokolea ndiyo itakayokutoa.

Kwa chumba cha kompyuta cha shule au ofisi, weka `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja na uzielekeze nyingine zote kwake. Kifurushi kinapakuliwa mara moja, na kompyuta 20 zinakichukua kwa waya wa ndani. Nimeona bando lililokuwa halitoshi wiki likitosha mwezi.

Jaribio la xz

Ijumaa tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Jioni ile nilikagua mashine zangu mbili. Kwenye mpakato, `pacman -Q xz` ilinijibu 5.6.1. Kwenye Debian 12, `dpkg -l xz-utils` ilinijibu 5.4.1. Hayo mawili yakikaa kwenye skrini moja yanaonyesha tofauti nzima ya njia hizi.

Waliokuwa nayo ni pamoja na Debian testing na unstable, Fedora Rawhide (tawi la maendeleo la Fedora) na Fedora 40 iliyokuwa bado haijatoka rasmi, openSUSE Tumbleweed, na Arch. Stable zote za Debian zilikuwa nje. Kwa Arch, SSH yake haikuunganishwa na maktaba ya xz, kwa hiyo njia iliyojulikana haikupita. Kwa haraka mtu angesema: basi ukale ni usalama. Lakini Freund aliiona akiwa kwenye Debian unstable. Waliokubali vipya mapema ndio waliotugundulia sote, na kama kila mtu angekaa stable, mlango ule ungekuja kuingia stable wenyewe.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 2024, ikatangazwa hitilafu ya OpenSSH iliyogusa matoleo ya 8.5p1 hadi 9.7p1. Debian 12 yenye 9.2p1 ilikuwa ndani, Debian 11 yenye 8.4p1 ilikuwa nje, na Arch ikapanda hadi 9.8p1. Debian 12 ilishonewa kiraka siku hiyohiyo. Aliyeumia au angeumia ni yule ambaye hakusasisha kabisa, awe kwenye distro yoyote. Na kuna la ziada: kiraka kikiingia, programu inayoendesha bado imeshika maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu mpaka iwashwe upya. `needrestart` hukuonyesha zipi. Wakati wa Heartbleed wako waliosasisha OpenSSL wakasahau kuwasha upya seva ya tovuti, wakabaki wazi.

Basi wewe uweke ipi?

Kama kuna mtu mwingine atakayekwama mashine ikigoma, mteja, mwalimu, muuguzi, mama yako, weka Debian stable, na nisingependa ubishane nami hapo. Kama ni mpakato wako mpya wa kazi na unataka vifaa vyote vitambulike bila kusoma habari za distro kila wiki, Fedora. Arch ni ya anayewasha kompyuta kila siku, mwenye intaneti ya kutosha, anayetaka kujua kila kipande kinakaaje, na ambaye siku ikigoma hakuna anayeumia ila yeye. Ukivutwa na upya wa Arch lakini unaogopa asubuhi mbaya, tazama openSUSE Tumbleweed: kila mkupuo wa masasisho hupimwa kwanza na mashine za openQA, na kwa diski yenye mfumo wa mafaili wa Btrfs, programu ya Snapper hupiga picha ya mfumo kabla na baada ya kusasisha, ukarudi nyuma kwa menyu ya kuwashia. Bando litaliwa vilevile.

Duka la mzee lina Debian 12 sasa. Niliiwekea `unattended-upgrades`, viraka vya usalama vinaingia vyenyewe usiku, na kila Jumapili napitia logi iliyoko `/var/log/unattended-upgrades` na kuwasha upya kama kerneli imebadilika. Kuhamia 13 nimepanga kuwe mwezi wa Juni shule zikiwa zimefungwa. Nilipomweleza aliniuliza jambo moja tu: mauzo yake ya zamani yatakuwepo?

"Yatakuwepo, mzee. Ile ya 15 siifuti mpaka wewe mwenyewe ufungue mauzo ya jana kwenye ya 17."